Muulize Amejuaje: Namna ya Kuzungumza na Watafiti wa Asili na Tabia za Binadamu

Sisi wa kaskazini mwa Tanzania tunapitiwa mlangoni kila mwaka na watu wanaochunguza binadamu alitoka wapi na kwa nini anaishi anavyoishi. Wengine wanakwenda kuchimba Oldupai na Laetoli, wengine kukaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, wengine wanapita kuelekea Kigoma kwa sokwe wa Gombe na Mahale. Wakimaliza wanarudi vyuoni kwao na kuandika kwa Kiingereza, na kinachotufikia ni kipande cha habari cha aya nne. Nimezaliwa Karatu, natengeneza vipindi vya redio hapa Arusha, na hakuna kazi ninayoipenda kama kukaa na hao watafiti kinasa sauti kikiwa katikati yetu. Vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza waanzie wapi, nami nawajibu kwamba wajifunze kuuliza swali moja kwa njia nyingi: umejuaje? Ukilishika hilo, mtaalamu atakufungulia kazi yake yote. Ukiuliza tu "unaamini nini", utapata hotuba, na msikilizaji atabaki kuchagua wa kumwamini kwa kuangalia vyeo.

Kabla hujampigia simu

Tafuta ripoti yenyewe ya utafiti. Usianze na utangulizi wala hitimisho, anza na sehemu inayoeleza walivyofanya kazi. Andika kwenye daftari ni watu wangapi walipimwa au mifupa mingapi ilipatikana, wapi, mwaka gani, na kwa kifaa gani. Ripoti ikiwa imefungwa kwa malipo, mwandikie mtafiti barua pepe umwombe nakala. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, na wanafurahi kwamba kuna mtu anataka kusoma.

Mtafiti wa kigeni anayefanya kazi Tanzania anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Muulize kibali bila kuona haya, kisha muulize mshirika wake wa Kitanzania ni nani. Huyo mshirika naye mtafute. Mara nyingi ndiye anayeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, na ndiye atakayekuwepo wasikilizaji wakianza kupiga simu wiki ijayo.

Adabu ya kwetu izingatie. "Shikamoo Profesa" haikupunguzii ukali wa maswali hata kidogo. Ukishaamkia vizuri, utaweza kumkatiza mtu mzima katikati ya sentensi na kumwambia, "Samahani Profesa, hapo sijaelewa," naye akarudia bila kukasirika.

Anza na kitu kinachoshikika

Usifungue mazungumzo kwa "Mageuko ni nini?" Omba akuletee kitu mezani, iwe jiwe lililochongwa, nakala ya fuvu au picha ya unyayo, na mwombe akieleze kwa mtu asiyekiona. Kwenye redio hilo ni lazima, lakini hata ukiandika litakusaidia, maana mtu akishika kitu mkononi anaacha maneno ya darasani.

Mfano mzuri ni fuvu ambalo kila aliyesoma sekondari kwetu amelisikia, Zinjanthropus. Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959. Siku hizi wataalamu wanamwita kiumbe huyo Paranthropus boisei, na umri wake unatajwa kuwa takriban miaka milioni 1.75. Vitabu vya shule hutoa namba hiyo kana kwamba ilikutwa imeandikwa kwenye mfupa. Mwanajiolojia mmoja niliyekaa naye alinijibu hivi:

"Profesa, umejuaje fuvu hili lina miaka milioni 1.75?"

"Fuvu lenyewe hawakulipima."

"Walipima nini?"

"Majivu ya volkano. Fuvu lilikuwa limelala kwenye tabaka, na karibu na tabaka hilo kuna majivu ya milima iliyolipuka zamani. Ndani ya majivu kuna madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo ambao haubadiliki. Mlima unapolipuka, ule moto hufukuza argoni ya zamani. Madini yakipoa, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Sisi tunapima ni argoni kiasi gani imejikusanya tangu siku ile."

Angalia jibu hilo limetupa nini. Sasa msikilizaji anajua kwa nini Bonde la Ufa, lenye milima ya moto kila upande, limekuwa mahali pa kupimia umri wa mabaki ya kale. Anajua pia mahali pa kutilia shaka: majivu yakichanganyika na ya mlipuko wa zamani zaidi, hesabu itaharibika. Kabla ya vipimo hivyo kutangazwa mwaka 1961, Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary, alikuwa anakisia kwamba fuvu lina miaka kama 600,000, na kipimo kikaupeleka umri huo karibu mara tatu. Muulize mtaalamu habari za makadirio ya namna hiyo yaliyobadilika. Atakueleza kwa furaha, na msikilizaji ataona kwamba sayansi huyaacha makadirio yake pale kipimo kinaposema vingine.

Tenganisha alichokiona na anachokifasiri

Hapa ndipo mazungumzo kuhusu tabia za binadamu huharibika mara nyingi. Jiwe halina maoni, lakini ukija kwenye ndoa, malezi, ukarimu na vita, mtafiti huchukua hatua ndefu kutoka kwenye daftari lake hadi kwenye maelezo, na asiyekuwa makini haoni alipovuka.

Chukua habari ya bibi. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifanya kazi kwa Wahadzabe miaka ya 1980, na mwaka 1997 wakachapisha hoja ambayo imejadiliwa duniani kote tangu hapo. Walipima uzito wa watoto na wakahesabu muda ambao wanawake hutumia porini kutafuta chakula, hasa kuchimba mizizi iliyojikita kwenye ardhi ngumu yenye mawe, kazi ambayo mtoto mdogo haiwezi. Walikuta kwamba mama asipokuwa na kichanga, uzito wa mtoto wake unaendana na bidii ya mama mwenyewe. Akishajifungua mwingine, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa unaendana na bidii ya bibi.

Mpaka hapo ni mambo yaliyopimwa kwa mizani na saa. Kutoka hapo wakaenda mbali zaidi: kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu, vizazi na vizazi, bibi mwenye nguvu alilisha wajukuu, wajukuu wakapona, na urithi wa kuishi maisha marefu ukasambaa. Mimi naipenda hoja hii kwa moyo wote, kwa kuwa nimelelewa na bibi. Ndiyo maana ninapokuwa na mtaalamu wa mambo haya hujilazimisha kumuuliza, "Hapo, Daktari, umeniambia mlichokiona au mnavyokifasiri?" Kuna wataalamu wengine wazito wanaosema maisha yetu marefu yametokana zaidi na ubongo mkubwa, miaka mingi ya kujifunza kazi ngumu kama kuwinda, na nyama inayoletwa na wanaume. Mwombe akutajie hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali. Akiweza, una mtu wa kumrudia tena na tena.

Swali linalofuata ni hili: watu mliowapima walidhani wanafanya nini? Sijaona swali linalozaa kama hili kwa watafiti wa tabia. Kuna utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2001 na Joseph Henrich na wenzake, uliofanywa katika jamii ndogo 15, Wahadzabe na Wasangu wa Tanzania wakiwemo, na Waorma wa Tana River, Kenya. Mchezo mkuu ulikuwa wa watu wawili. Mmoja anapewa pesa na kuamua atoe kiasi gani kwa mwenzake. Mwenzake akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Wataalamu wa uchumi walikuwa wamezoea kuucheza na wanafunzi wa vyuo, ambao wengi hutoa karibu nusu. Katika jamii zile 15 matokeo yalitawanyika. Wamachiguenga wa Peru walitoa kama robo kwa wastani, ilhali wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu.

Kwa Waorma, mtafiti Jean Ensminger aliwachezesha pia mchezo mwingine. Kila mtu anapewa pesa, anaamua aweke kiasi gani kwenye kapu la wote, mtafiti anaongezea, kisha zinagawanywa sawa. Wachezaji hawakuchukua muda kuubatiza jina: mchezo wa harambee. Mkenya yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Mtafiti alileta karatasi yenye kanuni za nadharia, wenyewe wakaona kitu wanachokifahamu, cha kuchangia shule na zahanati, mahali ambapo macho ya majirani yapo. Wakachangia kama watu wa harambee. Bila jibu hilo ungesoma tu namba ya wastani na ukaandika kwamba Waorma ni wakarimu kwa asili. Ukilijua, unaona kwamba watu huingia kwenye jaribio na desturi zao, na huenda desturi hizo ndizo zinazopimwa.

Ukibaki na nafasi ya maswali machache tu, hili usiliache.

Uliza kipi kilitangulia, na kipi hakiingii kwenye maelezo

Watu wengi hudhani asili huja kwanza na utamaduni hufuata nyuma. Ukitaka kumwonyesha msikilizaji kwamba safari inaweza kwenda upande wa pili, zungumza na mtaalamu wa vinasaba kuhusu maziwa.

Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachomwezesha kumeng'enya sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua sana wakishakua. Mtu mzima wa aina hiyo akinywa maziwa freshi mengi, tumbo hujaa gesi na huenda akaharisha, ingawa mtindi anaweza kuumudu vizuri zaidi kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari. Kwetu Karatu bibi zetu humaliza kikombe kizima cha maziwa freshi na kwenda shambani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, Watanzania wakiwemo, walitangaza kwamba tofauti ya kinasaba inayowawezesha wafugaji wa Afrika Mashariki kumeng'enya maziwa ukubwani siyo ile iliyokuwa imepatikana kwa watu wa Ulaya. Ipo karibu nayo kwenye kinasaba, lakini ni nyingine na ilizuka peke yake. Iliyo nyingi zaidi kwetu Tanzania na Kenya walikadiria ina miaka kati ya 2,700 na 6,800 hivi, kipindi ambacho ng'ombe walikuwa wanasambaa kuja huku.

Kwa hiyo watu walianza kufuga, na wale ambao miili yao iliweza maziwa wakapata nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa, hasa wakati wa ukame. Desturi ilibadilisha damu. Muulize mtaalamu amejuaje, naye atakupeleka kijijini: watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan walikunywa maji yaliyokorogwa gramu 50 za laktosi, ndiyo ile sukari ya maziwa, kisha wakachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kwa saa nzima ili ionekane kama sukari kwenye damu inapanda. Ikipanda, laktasi inafanya kazi. Nilipoieleza hivyo hewani, msikilizaji mmoja, mfugaji wa Kidatoga, alipiga simu akasema hicho kipimo angekikubali hata kesho, kwa sababu amekielewa.

Usiishie hapo. Mwambie, "Niambie kisichoingia." Katika utafiti huo huo, karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa walikuwa na uwezo wa kumeng'enya maziwa, na Wahadzabe si wafugaji. Watafiti walitaja uwezekano kwamba kimeng'enya hicho kina kazi nyingine pia, kwa kuwa huweza kuvunja aina fulani ya kemikali chungu ya mimea, na Wahadzabe wanakula mimea mingi ya porini. Waliopimwa kwa upande wao walikuwa wachache, na hilo nalo mtaalamu alitaje. Mtafiti mzuri ukimuuliza kisichoingia uso wake hung'aa, maana umemgusa pale anapofanyia kazi sasa hivi.

Watafute waliokuwepo

Nina msimamo mkali katika hili. Utafiti wa sokwe wa Gombe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960 umebebwa kwa miongo mingi na Watanzania wa Kigoma wanaowafuata sokwe tangu alfajiri mpaka wanapojenga viota jioni. Madaftari yao ya kila siku yaliandikwa kwa Kiswahili na kutafsiriwa baadaye. Januari 1974 aliyeshuhudia kundi moja la madume likimvamia sokwe aliyeitwa Godi, tukio lililowafanya wanasayansi wafikirie upya habari ya ukatili kwa sokwe, alikuwa Hilali Matama. Vivyo hivyo taya la kiumbe wa aina ya Zinjanthropus lililopatikana Peninj, kando ya Ziwa Natron, mwaka 1964, liligunduliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la mifupa kuliko maprofesa wengi. Unapozungumza na mtafiti yeyote muulize, "Nani alikuwa pale?" Kisha nenda kwa huyo mtu, mwamkie, kaa naye. Atakueleza tukio kwa lugha yako, bila mkalimani.

Ukifika kwa watu wa Gombe na Mahale, waulize kuhusu siafu. Gombe, sokwe huchomeka fimbo kwenye kundi la siafu, siafu wakapanda juu yake, akawala. Mahale, ambako Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965, sokwe waliozoea watu huwaacha siafu na kuvua chungu wanaoishi ndani ya miti kwa vijiti vyembamba. Huko Mahale sokwe wawili wakisafishana manyoya hunyanyua mkono mmoja kila mmoja na kushikana juu. Gombe hawafanyi hivyo, wao hushika tawi. Ni ziwa moja, Tanganyika, na kati ya sehemu hizo mbili hazizidi kilomita 200. Mwaka 1999 watafiti wa vituo vya Afrika Mashariki na Magharibi, Uganda ikiwemo, waliweka orodha zao pamoja wakapata tabia 39 ambazo zipo kwa jamii fulani za sokwe na hazipo kwa nyingine, baada ya kuondoa zile zinazoweza kuelezwa na mazingira tu. Wakaita utamaduni. Swali lako hapa linajulikana: umejuaje siyo chakula cha mahali, au damu? Mpe nafasi ya kulijibu kwa kirefu.

Maswali mawili yatakayopigwa simu

La kwanza ni kama mtu alitokana na nyani. Mwache mtaalamu aseme kwa ufupi: sokwe wa leo siyo babu yetu. Sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kila upande umebadilika kwa njia yake. Likifuata swali la dini, usimgeuze mtafiti kuwa shahidi dhidi ya imani ya msikilizaji, wala usimruhusu msikilizaji amfanye mshtakiwa. Mimi husema wazi hewani kwamba mgeni wangu ameitwa kueleza mifupa na matabaka, na kwamba masheikh na mapadri wana vipindi vyao. Nimeona watu wenye imani thabiti wakisikiliza habari za Laetoli kwa makini hadi mwisho pale wanapoheshimiwa hivyo.

La pili ni la hatari zaidi, na huja kwa sauti ya upole: je, kabila fulani lina akili zaidi kwa asili, au ukali, au uvivu? Usiliruke. Mtaalamu wa vinasaba anaweza kueleza jambo lililojulikana tangu kazi ya Richard Lewontin ya mwaka 1972, kwamba kiasi cha asilimia 85 ya tofauti za kurithi za binadamu hukutwa ndani ya jamii moja moja, siyo kati ya jamii na jamii. Majirani wawili wa kijiji kimoja wanaweza kutofautiana sana. Mkumbushe mpigaji mchezo wa harambee, na muulize atenganishe damu na desturi kwa kipimo gani.

Ukishamaliza kurekodi

Kabla ya kutangaza, mtumie mtafiti namba na majina tu ayahakiki: miaka, idadi, maeneo. Kipindi kizima usimtumie, la sivyo ataanza kulainisha maneno yake. Watu waliochunguzwa, kama ni Wahadzabe au wengine, wapelekee kipindi wakisikie, na walichosema kirekodi. Hao nao ni wageni wa kipindi chako.

Kanda ihifadhi na tarehe, kwa sababu majibu hubadilika. Mwaka 1976 huko Laetoli zilionekana nyayo tano katika eneo A, zenye umbo la ajabu, na baadaye ikadhaniwa huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Nyayo maarufu za eneo G zilipopatikana mwaka 1978, zile tano zikasahaulika. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, zikasafishwa na kupimwa, zikalinganishwa na nyayo za dubu, sokwe na watu, na mwaka 2021 timu yenye Watanzania ndani yake ikatangaza kwamba ni za zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wetu wa binadamu, tena huenda wa aina tofauti na aliyepita eneo G, miaka milioni 3.66 iliyopita. Kama una mahojiano ya zamani kuhusu Laetoli, yatoe uyasikilize, kisha mpigie mtaalamu wako umuulize ni jibu gani leo angelitoa tofauti, na amejuaje.